Injini Juu ya Benchi la Sauna

Reino Kotila aliishika spana kwa mikono miwili, akaikaza bolti ile badala ya kuilegeza. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Bolti iliyoshika kutu, alikuwa akisema, imejiandaa kukataa upande mmoja tu. Ukiisogeza kidogo upande wa pili, hata kwa upana wa unywele, kutu hupasuka. Ndipo unairudisha, unaitia mafuta, unaigonga kichwani kwa nyundo ndogo, halafu unakwenda kunywa kahawa. Watu waliokosa subira ya kwenda kunywa kahawa ndio waliomletea bolti zilizokatika.

Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini ya pikipiki ya zamani, ilishikiliwa na bolti nne. Mbili zilikwishatoka kwa njia hiyo. Ya tatu ilisogea kidogo, kisha mkono wake ukahisi kitu asichokipenda: ulaini. Chuma kinachofunguka hulia na kutetemeka. Chuma kinachokaribia kukatika hulegea, kama peremende iliyokaa mdomoni. Reino akaiachia spana, akarudi nyuma hatua moja, akajifuta mikono.

Arvo Niemi, aliyefanya naye kazi mgodini na ambaye sasa alifanya naye kazi ya kustaafu, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakula pasti ya nyama na viazi.

"Ikate," alisema Arvo. "Piga drili, toa kipande, weka nyingine. Kabla sijamaliza kula utakuwa umemaliza."

"Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Nimemwahidi Lempi." Huyo alikuwa dada yake.

Arvo alitafuna kwanza. "Basi oa hiyo bolti, mzee mwenzangu. Tangu Krismasi umekaa nayo kuliko ulivyowahi kukaa na mwanamke."

Hilo lilikuwa kweli na halikumuudhi Reino. Hakuwahi kuoa. Alizaliwa katika nyumba hiyohiyo, kaskazini mwa Michigan, mahali ambapo theluji hufunika madirisha ya chini na watu huendelea kupika. Baba yake alichimba madini, kaka yake Toimi alichimba, na yeye, alipotoka jeshini, aliingia karakana ya mgodi huohuo. Kazi yake ilikuwa mashine za kusaga mawe. Mabamba ya ndani ya mashine hizo hushikwa na bolti nene kama mkono wa mtoto, na zikikaa miezi kadhaa katika vumbi na maji huwa hazitaki tena kujulikana kama bolti. Wengine waliziendea na nyundo kubwa na matusi. Reino aliziendea na moto wa gesi, mshumaa na muda. Aliipasha bolti moto, akaigusisha nta, na nta ikanyonywa ndani kwenye hesi, ile mikato inayoizunguka bolti. Wasimamizi walimlalamikia kwamba ni mpole mno. Lakini bolti zake zilitoka nzima, na mgodi ulipofungwa watu wa barabara yetu waliendelea kumletea za matrekta na za maboti.

Mgodi ulimlipa pia kwa namna nyingine. Sikio la kushoto lilikwishakufa. La kulia, daktari alimwambia vuli ile, lilikuwa njiani. Reino alirudi nyumbani, akaenda ghalani bila kuvua koti, akalivuta turubai.

Chini yake kulikuwa na pikipiki ya Kiingereza ya Toimi. Toimi aliiegesha hapo mwezi wa kumi, kabla ya theluji, kama alivyofanya kila mwaka. Alimimina kijiko cha mafuta ndani ya silinda, akaifunika, akasema wataonana majira ya kuchipua. Mwezi wa pili jiwe lilimwangukia mgodini. Mama yao alisema pikipiki isiguswe, na mama yao hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Alipokufa, Reino na dada yake Lempi waliendelea kutoigusa, kwanza kwa ajili yake, kisha kwa mazoea. Kifo cha Toimi kilikuwa zaidi ya miaka arobaini iliyopita.

Reino alikuwa na kumbukumbu moja ya utotoni aliyoipenda kuliko zote. Alikuwa kitandani jioni ya kiangazi, dirisha limefunguliwa, na mbali kabisa kule kwenye daraja pikipiki ya Toimi ikaanza kusikika ikija. Haikuwa na kelele za pikipiki nyingine. Ilikuwa na mlio mzito wa chini, na kila baada ya midundo kadhaa ilikosa mmoja, kama mtu anayemeza mate kati ya maneno. Alitaka kuisikia hiyo tena, na alikuwa na sikio moja tu la kuisikilizia.

Alimweleza Lempi Jumamosi hiyo, baada ya sauna, kile kibanda cha mbao cha uani ambamo watu hukaa kwenye mabenchi na kuoga kwa joto la mawe.

Ni lazima niseme neno kuhusu Jumamosi, kwa sababu Reino hakuwa na kitu kingine. Lempi alikuwa mjane, anaishi upande wa pili wa daraja. Ndani ya nyumba yake kulikuwa na bafu la kisasa ambalo watoto wake walimjengea na ambalo alifulia mazulia tu. Kila Jumamosi alasiri alikuja na ndoo yake, taulo yake na kitita cha matawi ya betula ya kujipigapiga mwilini, aliyoyakausha mwenyewe. Reino alikuwa amewasha jiko la sauna tangu mchana. Lempi aliingia kwanza, kama wanawake walivyoingia kwanza enzi za mama yao. Reino alifuata. Kisha walikaa jikoni, nyuso nyekundu, nywele zimelowa, wakanywa kahawa na mkate mtamu wa iliki alioukanda Lempi. Hawakuongea sana. Lempi alikuwa na sauti ya juu, na aliketi upande wa sikio zima bila kuambiwa. Wiki nzima Reino aliweza kukaa bila kusema na mtu, isipokuwa Arvo, kwa kuwa alijua Jumamosi inakuja.

Lempi alipoambiwa habari za pikipiki alikishika kisu cha mkate. Alisema kwamba mama angekataa. Reino alikubali kwamba angekataa. Lempi alikata kipande kingine cha mkate ambacho hakukila.

"Unataka kuisikia tu?"

"Kuisikia tu."

"Basi sawa, kaka. Lakini usivunje kitu chake. Hata msumari. Alivyoviacha vibaki vizima."

"Nimewahi kuvunja kitu?"

"Nakuambia tu," alisema Lempi.

Ndiyo maana drili ya Arvo haikuwa na nafasi katika ghala lile. Bolti mpya zilikuwepo madukani, za chuma bora kuliko zile. Lakini hizi ziliwahi kukazwa na mkono wa Toimi, na Reino alikuwa ametoa neno.

Tatizo lilikuwa hili. Bolti zilikuwa za chuma na injini ilikuwa ya alumini, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja katika unyevu hulana taratibu mpaka vinakuwa kitu kimoja. Dawa ni joto, kwa maana alumini hutanuka zaidi ya chuma. Lakini moto wa gesi hupasha mahali pamoja tu. Reino alijaribu kidogo, akaona alumini inaanza kubadilika rangi, akauzima upesi. Injini ilitakiwa ipashwe yote, ndani na nje, polepole, kwa saa nyingi, kama mkate. Alipima oveni ya jikoni kwa futi. Haikutosha hata nusu.

Wazo lilimjia akiwa anapasua kuni za sauna ya Jumamosi.

Alimwambia Arvo, na Arvo akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka.

"Wewe, mama yako alikuwa anatufukuza tukipiga mluzi mle ndani. Alikuwa anasema mwenendo wa mle ni wa kanisani."

"Itakuwa Ijumaa. Jumamosi nitakuwa nimeshasafisha."

"Na Lempi?"

"Lempi ndiye aliyesema nisivunje."

Arvo alimsaidia kubeba, maana injini ilikuwa nzito na njia ilikuwa ya barafu.

Waliipandisha kwenye benchi la juu la sauna, ambako joto hujikusanya. Reino alikuwa ameyamwaga mafuta yake yote siku ya kwanza, lakini aliweka magazeti chini yake, na juu ya magazeti sinia ya bati. Aliwasha jiko kwa kuni za mepo, mti mgumu unaowaka muda mrefu, akalijaza mara kwa mara. Hakumwagia mawe maji. Alikaa nje kwenye chumba cha kuvulia nguo, amevaa koti, akisikiliza kuni kwa sikio lake moja. Arvo alichoka, akaenda zake nyumbani.

Mchana ulipokuwa unaisha aliingia na glavu za ngozi. Injini haikushikika. Aliipa bolti ya tatu nta ya mshumaa, na nta ikazama bila kubaki hata tone. Akaikaza kwa upana wa unywele. Ikalia. Akairudisha, ikalia tena, mlio mrefu wa bawaba ya zamani, na huo ndio mlio aliokuwa akiungojea tangu Krismasi. Ya nne ilikuja kwa urahisi zaidi. Aliziweka zote nne katika kikombe kimoja, nzima, hesi zake zinang'aa kama jana, akakaa kwenye ngazi ya chini na jasho likimtiririka ndani ya koti. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa na mtu wa kumpa mpaka kesho yake.

Alipoiondoa injini ndipo alipoona sinia. Ilikuwa imeinama upande mmoja kwa joto. Mafuta ya zamani yaliyokuwa yamejificha ndani ya vijia vya injini, yaliyoganda kama lami miaka yote ile, yalikuwa yameyeyuka, yakapita magazeti, yakaingia katika mbao. Doa lilikuwa jeusi, pana kama mto wa kitanda. Alisugua kwa mchanga na sabuni mpaka vidole vikauma. Alifungua mlango na dirisha, akaviacha wazi usiku wote. Asubuhi doa lilikuwa limefifia, nayo harufu, kwa pua yake, ilikuwa imekwisha. Lakini pua yake ilikuwa ya mtu wa karakana.

Lempi alifika saa yake ya kawaida. Reino alikuwa amekiweka kile kikombe cha bolti mezani jikoni, karibu na mahali pake pa kukaa, lakini Lempi alipita moja kwa moja kwenda kwenye sauna. Hakuchukua muda. Reino alimwona kupitia dirisha akitoka, bado amevaa koti lake na viatu vyake vya theluji, ndoo mkononi. Hakuelekea nyumbani. Alisimama tu pale uani. Reino akakichukua kikombe, akamfuata.

"Kuna nini mle ndani?" aliuliza Lempi.

"Harufu kidogo, itaisha. Niliweka injini jana. Lempi, zimetoka. Ona. Zote nzima, kama nilivyokuambia."

Lempi hakutazama ndani ya kikombe. "Uliiweka benchi la juu."

"Ndiko kwenye joto."

"Wewe hukuwepo," alisema Lempi.

"Lini?"

"Walipomleta Toimi. Ulikuwa Ujerumani, kwenye jeshi lako."

Reino alikuwa amejiunga na jeshi mwaka ule, na barua ya mama ilimfikia kwa kuchelewa. Alikuja mwezi wa tano, ardhi ilipoyeyuka na waliokufa majira ya baridi wakaweza kuzikwa. Alichokiona yeye ni jeneza lililofungwa.

"Mama aliwazuia watu wa mazishi pale mlangoni," Lempi aliendelea. Sauti yake haikuwa ya juu sasa, na Reino ilimbidi amgeuzie sikio. "Aliwapa kahawa, akawaambia wasubiri. Tulimwosha mle, kwenye benchi la juu. Mimi na mama. Mimi nilishika kichwa, kwa sababu mama alisema yeye hawezi kukishika na kumwosha kwa wakati mmoja. Maji alikuwa ameyapasha vuguvugu, anayajaribu kwa kiwiko, kama ya mtoto. Sabuni ilikuwa ya Jumamosi, ileile. Kichwa kilikuwa upande wa mlango. Hapo palipo na mafuta yako ndipo kilipokuwa kifua."

Reino alisimama na kikombe chake.

"Hamkuniambia," alisema.

"Hukuuliza. Ulipokuja ulikwenda ghalani kutazama pikipiki."

"Nilikuwa kijana."

"Mimi nilikuwa mdogo kuliko wewe." Lempi aliihamishia ndoo mkono wa pili. "Mama hakukaa tena benchi la juu mpaka amekufa. Mimi sikai. Nakaa la chini, kila Jumamosi, tangu siku ile."

"Na mimi je? Mimi nakaa juu miaka yote hii."

"Najua. Wewe ulikuwa unakaa tu. Sauna ni ya kukaa. Sikukasirika hata siku moja." Alitazama kikombe kwa mara ya kwanza. "Nilikuambia usivunje kitu chake."

Reino alitaka kumwambia kwamba hakuvunja. Kikombe kilikuwa mkononi, na bolti zilikuwa nne. Lakini Lempi alikuwa amekwishageuka. Alisikia mlango wa gari kwa sikio la kulia, kisha hakusikia kitu.

Jumamosi iliyofuata aliwasha jiko la sauna mapema, na Lempi hakuja. Aliambiwa na Arvo kwamba Lempi sasa anaoga nyumbani, kwenye bafu la watoto wake, na kwamba mazulia ameyatundika nje. Arvo alijaribu kulifanya mzaha. Alisema sasa amekuwa mwanamke wa mjini, kesho ataacha kahawa anywe chai. Reino hakucheka, na Arvo akatazama chini.

Reino aling'oa mbao za benchi la juu. Baba yao alizifunga kwa bolti kutoka mgodini, na bolti hizo zilifunguka kwa mkono, bila mafuta, bila nyundo. Akaweka mbao mpya za mwerezi. Akampelekea Lempi habari kupitia Arvo. Jibu lililorudi lilikuwa kwamba mbao mpya ni nzuri, hongera, na kwamba asijisumbue. Alipozichoma zile za zamani nyuma ya ghala, ubao uliokuwa katikati uliwaka kwa moshi mweusi, na akabaki amesimama pale kwenye theluji mpaka ulipokwisha. Baadaye alifikiri kwamba labda hata hilo hakupaswa kulifanya. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza.

Injini aliimalizia peke yake. Alisafisha kabureta, akaweka gasketi mpya, akazirudisha bolti nne mahali pake, kila moja katika tundu lake, na safari hii akazipaka grisi, kisha akairudisha injini kwenye pikipiki. Theluji ilipoondoka barabarani alipiga kiki. Ilikataa, ikakataa, ikapiga chafya, na mara ya mwisho ikawaka.

Ililia. Mlio ulikuwa mzito, wa chini. Reino alikizungusha kichwa ili sikio la kulia liwe karibu. Alingoja midundo ipite, aone kama mmoja utakosekana. Wakati mwingine alidhani umekosekana. Wakati mwingine alidhani ni sikio lake limeruka. Alikaa ghalani mpaka moshi ukamtoa nje, na bado hakujua. Alijua kwamba duniani amebaki mtu mmoja tu anayeweza kumwambia.

Aliipanda, akavuka daraja.

Lempi alikuwa uani, anaanika mashuka. Aliusikia mlio kabla hajamwona, maana Reino alipotokea kwenye kona, Lempi alikuwa ameshageuka kuelekea barabarani, shuka moja mikononi, halijafika kwenye kamba. Reino aliiingiza pikipiki uani kwake, akaisimamisha, akaiacha ikiwaka.

Walitazamana. Mashine ilinguruma katikati yao.

"Lempi," alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kama wanavyofanya viziwi. "Ndivyo ilivyokuwa ikilia?"

Lempi aliisikiliza. Reino aliuona uso wake ukisikiliza; alimjua tangu alipozaliwa, na hakuwa na shaka yoyote juu ya alichokiona usoni pale. Mwanamke yule alikumbuka maji ya kumwosha Toimi yalikuwa na joto gani. Alikumbuka sabuni.

"Sikumbuki," alisema Lempi.

Akalitundika shuka, akalibana pembe zote mbili, akaingia ndani.

Reino alikaa kitambo juu ya kiti cha pikipiki. Kisha akaizima. Alishuka, akashika usukani kwa mikono miwili, akaisukuma mpaka barabarani, kupita daraja, kupanda mlima mdogo wa kwa akina Niemi, hadi nyumbani. Arvo alimwona kutoka barazani, akamuuliza kama imeharibika.

Reino alisema hapana, haina ubovu wowote.